Dakika Sita Kando ya Mita

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Alisema Mwalimu ananiita kwake Kapsoya Jumamosi, nije na kalamu, mdomo niuache nyumbani. Hapo nikajua maneno ni ya mzee mwenyewe, binti ametumwa tu. Nikauliza kuna nini. Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza: baba yake sasa anapumua kwa mashine, ile inayochuja hewa ya chumbani na kumpelekea oksijeni kwa mrija puani, na mashine hiyo inataka stima mchana na usiku. Stima ikipotea kuna betri mbili. Daktari amesema betri ziweze kuishikilia mashine saa sita, zisipungue. Basi baba na mwana wameandikiana makubaliano. Hesabu ikitoa saa sita kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, mzee anabaki kwake. Ikikosa, anafunga mizigo anahamia Kisumu kwa binti, na hakuna kubishana. Hesabu mzee ameshaifanya, na imetoa saa sita. Ila yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha watu kwamba hesabu haikaguliwi na anayeitaka, kwa hivyo niitwe mimi.

"Na wewe unataka itoke vipi?" nikamuuliza.

"Mimi nataka baba yangu," akasema, akakata simu.

Ilikuwa Jumanne. Kwa siku nne nilizunguka na huyu mzee kichwani, nikiwa juu ya ngazi, nikiwa dari za watu nimeshika waya, nikiwa kwenye foleni ya chapati. Mimi ni fundi wa stima. Mwanamke, ndiyo. Nikifika kwenye kazi na ngazi yangu bado kuna watu wananiuliza fundi atakuja saa ngapi, nami huwajibu atakuja nikishamaliza. Huo mdomo nilikuwa nao tangu utotoni mtaani Huruma, lakini kazi yenyewe alinipa Mwalimu.

Tulimwita Mwalimu, basi. Pale chuo cha ufundi walikuwapo walimu wengine na kila mmoja alikuwa na jina, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu, mtu yeyote angekuonyesha yule mrefu mwembamba wa sweta ya kijani, amesimama mahali pasipo na maana yoyote, anaangalia ukuta. Wengine walitufundisha kuvuta waya, kufunga swichi, kuwasha. Yeye alitufundisha kile kilichowaka kinakula kiasi gani. Somo lilikuwa saa nane mchana, wakati ugali umeshakaa tumboni na mvua ya Eldoret inapiga mabati mpaka huwezi kujisikia ukifikiri. Aliongea polepole, kwa ile lafudhi ya watu wa ziwani inayovuta maneno, naye hakupandisha sauti kushinda mvua. Ulilazimika kumfuata kwa macho. Nusu ya vitu nilivyojifunza kwake nilijifunza nikiwa kati ya usingizi na kuwa macho, na mpaka leo nikivikumbuka vinakuja na harufu ya koti lililoloa.

Alikuwa na tabia ya kutembea mjini bila safari. Ungemkuta ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la ghorofa, ukungu wa asubuhi haujaondoka, midomo inachezacheza. Watu walidhani anasali. Mama mmoja muuza ndizi aliniambia huyo mzee ni wa kanisa la kufunga na kuomba, maana kila siku anaombea majengo. Siku moja nilisimama karibu naye nikasikia maombi yenyewe.

"Madirisha arobaini na mawili upande huu," alikuwa akinong'ona. "Taa mbili kila chumba, wati thelathini na sita kila taa. Hiyo ni kilowati tatu na kidogo. Pampu ya maji. Lifti. Kompyuta sijui ngapi." Kisha akatabasamu. "Na birika. Kila ofisi ina birika lake, na wote wanakunywa chai saa nne. Saa nne kamili hili jengo linashtuka."

Akavuka barabara, akaweka kiganja ukutani, akafumba macho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kabisa kwamba anasikia kitu. Niliamini kuna mto unapita ndani ya saruji na Mwalimu anaupima kwa ngozi. Miaka ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza alikuwa anasikia nini.

"Baridi," akaniambia. "Ukuta ni baridi."

Lakini aliendelea kuweka mkono, sehemu yoyote aliyopita, kwa hivyo hilo jibu lake mimi sikulinunua.

Namna yake ya kupima ilikuwa moja, na sasa ninaieleza kwa sababu bila hiyo hutamwelewa mtu huyu. Mita ya stima ina kitaa chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama, kinachopepesa. Stima ikiliwa polepole kinapepesa polepole, ikiliwa haraka kinakimbia. Usoni mwa mita kumeandikwa kitapepesa mara ngapi mpaka yuniti moja iishe, na nyingi za huku kwetu ni mara elfu moja. Sasa zima kila kitu ndani ya nyumba, acha kifaa kimoja tu. Hesabu mipepeso kwa dakika sita. Ongeza sifuri moja mwishoni. Umepata wati za kile kifaa. Kama hukuamini, dakika sita ni fungu la kumi la saa. Keti ufanye mwenyewe.

Na kulikuwa na sheria: anayehesabu hashiki saa. Saa inashikwa na mtu mwingine, aliyekaa mahali asipoiona mita, naye anasema anza na simama. Mtu mmoja akishika vyote viwili, alisema Mwalimu, mkono wake utausaidia moyo wake bila yeye kujua. Kwa hivyo tulikwenda wawiliwawili, mmoja kwenye mita na mmoja nyuma ya ukuta na saa.

Dakika sita ni ndefu mno. Jaribu siku moja kutazama kitone chekundu kwa dakika sita bila kuangalia kitu kingine. Kwanza unahesabu. Halafu unaanza kusikia nyumba. Halafu kitone kinakuwa kikubwa, au wewe unakuwa mdogo, na unashangaa kama wewe ndiye unayepepesa au ni chenyewe. Kijana mmoja wa darasa letu alilala amesimama akiwa kwenye mpepeso wa thelathini na saba, akaamka akiwa thelathini na nane, na mpaka leo hatujui alilala muda gani. Mwalimu alimrudisha aanze upya, wala hakukasirika. Alisema hata yeye hulala, na akilala huota mita.

Ni kweli, alitusimulia hiyo ndoto. Anatembea Eldoret nzima imezimwa, madukani giza, hospitali giza, hata taa za magari hakuna, na katika kila ukuta kuna kitone chekundu kimetulia, hakipepesi. Mji mzima haukuli chochote. Yeye anapita mtaa mpaka mtaa akisubiri angalau kimoja kipepese. Tulimuuliza kama hiyo ni ndoto nzuri au mbaya. Akafikiri sana, chaki mkononi, akasema bado hajaamua.

Kitu alichokichukia duniani ni kibandiko. Kile cha nyuma ya kifaa, kinachosema wati kadhaa. Kwake kibandiko kilikuwa uvumi. Kiwanda kilipima kifaa kipya, mahali pengine, na stima yao, halafu kikasafiri, kikaangushwa, kikauzwa, kikanunuliwa tena, kikajaa vumbi, na bado kibandiko kinasema yaleyale. Kulikuwa na mzee mmoja Msomali mwenye duka la vifaa vya stima mjini, na Mwalimu alimsumbua huyo mtu kwa miaka. Alinunua balbu, akaenda kuipima kwake, akairudisha na karatasi: umeandika kumi na tano, ni tisa.

"Mwalimu, wallahi, mimi siandiki. Zinakuja zimeandikwa."

"Basi futa."

"Nifute balbu elfu mbili?"

"Mimi nina nafasi Jumamosi," akasema Mwalimu.

Na alikwenda. Walikaa nyuma ya duka Jumamosi kadhaa, wawili hao, mmoja ameshika saa na mwingine amekodolea mita, chai ya maziwa ya ngamia kwenye thermosi katikati yao, hawaongei. Baadaye pale dukani ukaanza kukuta maboksi yenye namba mbili, ya kiwanda na nyingine ya kalamu nyeusi. Wateja walinunua kwa ile ya kalamu. Mzee wa duka alijigamba kwamba wazo lilikuwa lake.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mtamu. Mimi nilimchukia kwa mwezi mzima, na nina sababu. Ploti tuliyokaa Huruma ilikuwa na vyumba vinane na mita moja, na yuniti tulizochangiana kununua zilikuwa zinaisha kabla ya wiki. Wote tuliamua mwizi ni kinyozi wa chumba cha mbele. Alikuwa na mashine zinazonguruma, taa za rangi zinazozunguka, na redio inayofanya vikombe vyetu vitetemeke, sasa nani mwingine? Nikajitia ujuaji nikamleta Mwalimu aje amuumbue. Akatuweka wote uani, akatuma kila mtu azime chake, akawasha chumba kimoja kimoja. Kinyozi na makelele yake yote alikula kidogo, hata aibu. Chumba cha mwisho kilikuwa chetu. Kitaa kikakimbia.

Mama yangu alikuwa na koili, lile jiko la waya mwekundu, chini ya kitanda. Alichemshia githeri ya kuuza, alfajiri, kimya kabisa. Hata mimi nilijua, na nilikuwa nimesahau kwamba koili nayo ni stima. Ndivyo tulivyokuwa pale Huruma, kwetu kinachokula ni kinachopiga kelele.

Mwalimu alisimama mbele ya ploti nzima akasema, "Elfu moja na mia mbili. Chumba cha nane." Hakupunguza hata moja. Mama aliinama, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimfuata Mwalimu mpaka barabarani nikimtukana kwa heshima, namna tu mwanafunzi anavyoweza. Si angesema mia tano? Nani angejua?

"Wewe ungejua," akasema. "Na ungekuwa fundi wa kuniogopa au wa kunidanganya."

Wiki iliyofuata alirudi peke yake. Alikaa juu ya ndoo kwenye chumba chetu akamweleza mama, kama anayeeleza dawa, jinsi ya kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha, kufunika sufuria, kuzima koili mapema na kuiviringisha sufuria kwenye blanketi ikajiivie. Ilikula nusu. Ploti ikamruhusu mama aendelee. Mama hakumsamehe kwa maneno, lakini Ijumaa nilianza kutumwa chuoni na bakuli la githeri, na Ijumaa ikafuatia Ijumaa kwa miaka miwili.

Kwake Kapsoya alikaa karibu gizani. Jioni hakuwasha taa mpaka ashindwe kuona mkono wake. Ukimtembelea mlikaa sebuleni mkigeuka vivuli polepole, sauti yake ikitoka upande ambao ulidhani ndipo alipo. Nilizipenda hizo jioni na sitaki kujifanya kwamba sikuzipenda. Ila huyohuyo mtu wa giza alikuwa mlevi wa pasi. Jumapili baada ya kanisa aliweka meza, akachomeka pasi ya wati elfu moja na zaidi, akapiga pasi kila kitu. Mashati, leso, soksi, mapazia, na mara moja nilimkuta anapiga pasi kamba za viatu. Nikamuuliza hesabu yake inasemaje. Akasema hiyo haandiki. Na jambo jingine ambalo wanafunzi tulilificha kwa ajili yake: aliogopa stima. Hakubadilisha balbu. Hakushika waya. Balbu ikiungua alisubiri mmoja wetu apite, hata siku tatu.

Binti alikulia katika nyumba hiyo. Aliniambia zamani kwamba utoto wake wote ulikuwa "zima taa." Alipoajiriwa benki Kisumu alipanga nyumba ya ghorofa, akawasha kila chumba, akakaa katikati. Mwalimu hakuwahi kulala kwake hata siku moja. Sababu zilikuwa nyingi: kazi, kanisa, magoti, baadaye kifua. Watu wa hapa walimwambia arudi ziwani kwao, huku juu baridi na hewa ni nyepesi. Yeye alisema alikuja Eldoret akiwa kijana na amehesabu kila ukuta wake, huko anakoambiwa ni kwao hajui hata mita moja. Alikuwa anatania, lakini niliona macho yake.

Jumamosi ikafika. Mvua nyembamba, ile isiyoanza wala kuisha. Nilishuka kwenye boda kando ya geti nikasikia mashine kabla ya kubisha, mngurumo mzito na baada ya kila muda mfupi pumzi, fyuu. Binti akanifungulia. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

Mwalimu alikuwa kitandani, ameinuliwa na mito, mrija umezunguka masikio na kuingia puani. Amekonda. Mikono ilikuwa juu ya blanketi, na kwenye mikono, karatasi. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Huku kwetu hatusemi sana shikamoo, ilinitoka tu.

"Kaa. Kagua."

Ilikuwa hesabu safi, kwa mwandiko wake uleule. Betri mbili, na kinachoruhusiwa kutumika humo bila kuziua. Kinachopotea njiani. Kinachobaki: wati elfu mbili na mia moja kwa saa moja. Gawanya kwa mashine, wati mia tatu hamsini. Sita. Chini yake kulikuwa na orodha ya kila stima iliyopotea mtaani tangu mwaka jana, saa iliyopotea na saa iliyorudi. Ndefu kuliko zote ilikuwa saa tano na nusu. Sita ilitosha, na nafasi kidogo ya kupumua. Halafu nikarudi juu kwenye mia tatu hamsini.

"Hii umeipimaje, Mwalimu?"

Aliangalia dirisha. "Mita iko nje," akasema. "Siwezi kufika."

Binti alikuwa mlangoni. Tukamwomba azime kila kitu, achomoe friji, achomoe hata chaja ya simu, na akafanya hivyo bila kuuliza, akaenda jikoni kuwasha jiko la gesi. Mwalimu akavua saa ya mkononi akaishika mbele ya macho. Mimi nikatoka. Mita ilikuwa ukutani, chini kidogo ya dirisha la chumba chake, na dirisha liliachwa wazi ili tusikizane.

"Anza," akasema.

Nikahesabu. Mvua iliingia kwenye kola. Nilisikia mashine ndani na pumzi yake, na kitone kikapepesa, na baada ya muda nilikuwa tena na miaka kumi na tisa, na ukuta ulikuwa na mto ndani yake, na kila mpepeso ulikuwa kitu kinachotolewa kwa mzee polepole ili aishi. Nilifika thelathini na tano na kitone hakikusimama. Nilikisihi. Ninasema kweli, nilisimama kwenye mvua nikaisihi mita. Thelathini na sita, thelathini na nane, arobaini.

"Simama."

Arobaini na mbili. Mashine ilikuwa ya mtumba na ilikula kama ya mtumba. Elfu mbili na mia moja, gawanya kwa mia nne na ishirini, ni saa tano. Nilikaa pale kidogo nikipangusa uso. Kisha nikaingia ndani, nikasimama miguuni pa kitanda chake nikasema, "Thelathini na tano."

Aliniangalia. Mashine ikapumua mara mbili, tatu.

"Thelathini na tano kamili?"

"Kamili, Mwalimu."

"Umenihesabia vitu miaka mingapi? Hujawahi kuniletea namba iliyofanana na kibandiko. Hata siku moja." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Mimi nilikisoma, unaona. Miaka yote ile nimewakataza watu, na siku nilipotaka kitu sana nikamwambia binti anisomee kibandiko. Sasa wewe usifanye kama mimi. Rudia."

Nikatoka tena. Akasema anza, nikahesabu dakika sita nyingine, akasema simama, nikaingia.

"Arobaini na mbili."

Hakuhitaji karatasi. Nilimwona akigawanya nyuma ya kope. Kisha midomo yake ikasema tano, bila sauti.

Nikaanza kuongea haraka. Nilimwambia wanafunzi wake tumejaa mji huu, Jumatatu jioni betri ya tatu itakuwa imefungwa, na ya nne akitaka. Akaniacha nimalize.

"Tuliandika vilivyomo ndani ya nyumba."

"Hiyo ni karatasi tu, Mwalimu."

"Ndiyo. Nimeiandika mimi." Akavuta pumzi kwanza. "Na betri inapungua kila mwezi. Mashine inazidi kula. Mimi nazidi kuihitaji. Chora hiyo mistari. Uniambie inakutana wapi."

Lilikuwa swali la mtihani na nilijua jibu. Nililia, nimeshika chuma cha kitanda, na yeye akaniacha nilie bila kunigusa wala kuniambia nyamaza, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa yote aliyonifundisha.

Binti akaingia na chai kwenye trei. Alituangalia mmoja mmoja. Mwalimu akachukua kalamu kutoka mfukoni mwangu, akakata mia tatu hamsini kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akakata sita, akaandika tano, na kumpa karatasi.

"Nimekosa," akamwambia.

Binti alikuwa ameshinda, na nilimtazama nikitafuta furaha usoni mwake, sikuiona. Aliweka trei sakafuni, akaketi ukingoni mwa kitanda, karatasi mapajani. Nje mvua ilizidi kidogo, halafu ikapungua.

"Huko kwako kuna nini?" akauliza mzee.

"Kuna nini vipi, baba?"

"Vitu vya stima. Vyote."

Binti akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Baba, mimi sijui."

"Hujui." Aliyasema maneno hayo kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba haina paa. "Geuza hiyo karatasi, nyathina. Andika." Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao, na sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo mbele ya watu.

Nikampa binti kitabu changu awekee chini. Huyu ndiye aliyekataa tangu utotoni kuhesabu hata balbu moja kwa ajili ya baba yake. Aliandika friji. Akaandika televisheni, pasi, birika, taa, akakunja uso, taa tisa. Mzee alifumba macho akasikiliza, mkono wazi juu ya blanketi.

"Feni?"

"Tatu."

"Zote zinazunguka?"

"Baba, ni Kisumu."

Akakubali kwa kichwa. Binti akaandika feni tatu, akafikiria, akaongeza pampu ya maji na jenereta ya jengo, ambayo alisema inawaka yenyewe. Akamsomea orodha yote kutoka juu, polepole, na vile alivyosoma ni kana kwamba alikuwa anampitisha vyumbani kimoja kimoja. Alipomaliza akamwangalia.

"Kuna kitu umeacha," akasema Mwalimu.

"Kipi?"

"Mimi."

Binti akainamia karatasi. Chini ya jenereta akaandika Baba, na mkono wake ukasimama kwenye safu ya wati, haujui uweke nini. Akanigeukia mimi. Nikamgeukia mzee.

"Mia nne na ishirini," akasema mzee.

Binti akaandika, akapiga mstari chini, akaanza kujumlisha.